Ada ya mtoto wa mshika dekio

Bili ya muhula ya binti yangu imeingia jana usiku nikiwa zamu. Ada: sifuri. Limebaki deni la bweni na chakula, nalo nalipa kidogokidogo. Nikaegemeza dekio ukutani, nikaisoma tena, machozi yakanitoka.

Mimi ni mfanya usafi wa chuo kikuu binafsi huku Marekani, mwaka wa sita sasa. Baadhi ya vyuo vya aina hii hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, ada peke yake. Mshahara wangu haufiki huko. Lakini mwajiriwa akishatimiza muda, na mtoto akapata nafasi kwa alama zake, chuo kinamfutia ada ya shahada ya kwanza. Kilichonigusa zaidi ni sheria ya kodi, kifungu cha 117(d) cha mwaka 1984: msamaha huo hautozwi kodi, ila wenye mishahara minono hawanufaiki mpaka wafanyakazi wa chini nao wapewe kwa masharti yaleyale. Profesa akitaka mwanawe asome bila kukatwa kodi, lazima na wangu awemo.

Najua mtakayosema. "Kaondoka juzi tu, leo anatudharau." Sidharau! Baba yangu alimwagilia bustani za chuo kimoja cha umma hapo nyumbani Tanzania kwa miaka 26. Dada yangu alipochaguliwa kusoma palepale, baba hakupunguziwa hata shilingi. Tuliuza ng'ombe wawili, tukapitisha daftari la michango mtaani. Bado siku ya mtihani dada alizuiwa mlangoni kwa kudaiwa ada, na baba yuko nje ya ukumbi uleule, ameshika mpira wa maji. Nani ataniambia hiyo ni haki?

Mwingine atanitajia Bodi ya Mikopo. Naijua. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo huo, nimelila, na nilipokuwa mwalimu nimekatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Mkopo ni deni. Mimi nasemea jasho la mwajiriwa.

Na atakayenikumbusha enzi za Mwalimu Nyerere, ndugu yangu, hapo tuko pamoja, najivunia kabisa. Taifa maskini lilisomesha vijana wake chuo kikuu bila ada, mpaka uchangiaji wa gharama ulipoingia miaka ya 1990. Leo shule za serikali hazina ada hadi kidato cha sita. Nchi iliyoweza hayo inashindwaje kumbeba mtoto mmoja wa mtunza bustani? Mhadhiri ni yuleyule, na kiti kipo.

Huku nako si peponi. Wenzangu wa jikoni wameajiriwa na kampuni ya mkataba, si na chuo, kwa hiyo watoto wao hawamo. Hilo linaniuma, tena linanitisha, maana na nyumbani usafi na ulinzi vimeshaanza kukabidhiwa makampuni. THTU na RAAWU, vyama vya wafanyakazi wa vyuo, pelekeni jambo hili kwenye mkataba wa hali bora na waajiri mapema, na mwandike wazi kwamba hata wa kampuni wamo. Lisiachwe liwe hisani ya mkuu wa chuo.

Alfajiri nimempigia baba, nikamwamkia, nikamsomea bili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na anayemwagilia maua hapo, mwanangu, wake wamo?"

"Wamo, baba."