Kuganda kwa mafuta ya nazi si dalili ya ughushi

Nimesoma makala inayodai kwamba mafuta ya nazi yanayoganda yamechanganywa na kitu kingine, dai ambalo naona linawaonea wauzaji wetu. Hapa Lamu, asubuhi za kipupwe, hata chupa ya mafuta tuliyoyapika wenyewe kwa tui huingia weupe (mama huianika juani tu, basi). Karibu nusu ya asidi za mafuta (minyororo ya kaboni inayounda mafuta) zilizomo katika mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye atomi 12 za kaboni zilizoshikana kwa vifungo vya mojamoja, hivyo minyororo yake hunyooka, ikalaliana kama boriti za dari, na kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Minyororo mingi ya mafuta ya simsim ina vifungo maradufu vinavyoipinda, isipangike, hivyo yenyewe hubaki majimaji.