Anayetoa pikipiki na atoe na kizibao

Ofisi ikimkabidhi mtumishi wake pikipiki, imkabidhi pia kizibao chenye mfuko wa hewa. Kisiwe cha hisani, wala cha mkopo wa kukatwa kwenye mshahara. Kiandikwe kwenye bajeti ileile iliyonunua pikipiki, mstari unaofuata baada ya kofia ngumu. Nauweka msimamo wangu mapema kwa sababu mazungumzo ya vizibao hivi hapa kwetu huanzia pabaya. Mtu anaona video ya mwendesha pikipiki wa Ulaya akivimba kama puto katikati ya barabara, anaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, na muda si mrefu anatokea mwingine anashauri bodaboda wote walazimishwe kuvaa. Bodaboda nitawafikia. Tuanze na kifaa chenyewe.

Viko vya aina mbili. Vya kwanza ni vya kamba. Ncha moja inafungwa kwenye fremu chini ya siti, ya pili inabanwa kwenye kizibao. Dereva akirushwa, kamba inakazika na kuchomoa pini, springi inasukuma sindano inayotoboa katriji ndogo ya gesi ya kabonidayoksaidi, na mifuko iliyoshonewa ndani ya kizibao inajaa kuzunguka shingo, kifua, mbavu na mgongo mpaka kwenye kiuno. Kazi yote hiyo inachukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Baada ya muda gesi inatoka yenyewe. Kama kitambaa hakikuchanika, unaweka katriji mpya na kizibao kinarudi kazini. Wazo hilo si la juzi: Mhungaria Tamás Straub alilichukulia hataza mwaka 1976, Wajapani wa kampuni ya Hit-Air wakaliingiza sokoni miaka ya 1990, na baadaye wakaja Wafaransa wa Helite.

Aina ya pili haina kamba. Ndani yake kuna kiboksi chenye betri na vihisi vinavyopima mwendo na mlalo wa mwili mara nyingi mno kila sekunde, na programu inayoamua kama huku ni kukata kona tu au ni kuanguka kweli. Hii ndiyo aina ya mashindano. Mwaka 2013 kule Mugello, Italia, Mhispania Marc Márquez, dereva wa mbio za pikipiki, alianguka akiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 330 kwa saa wakati wa mazoezi, akasimama, na Jumapili akaingia kwenye mbio. Sisemi mfuko wa hewa peke yake ndio uliomwokoa, maana pale kuna nyasi, changarawe laini na madaktari wanaosubiri pembeni. Lakini waliokuwa wakitazama michezo hiyo kwa karibu walikwisha kushawishika, na tangu msimu wa 2018 hakuna dereva wa kudumu wa MotoGP, Moto2 wala Moto3, madaraja matatu ya mbio za dunia za pikipiki, anayeruhusiwa kuingia kwenye njia ya mbio bila mfuko wa hewa ndani ya suti yake.

Kiufundi, cha kielektroniki kinashinda. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa unasogea karibu mita 14 kila sekunde. Ukigonga ubavu wa gari lililokukatia njia, katika ile sehemu moja ya kumi ya sekunde mwili umeshakwenda mita moja na ushee, na kwa kawaida mlango wa gari hauko mbali kiasi hicho. Kamba haina akili ya kujua kuwa umegonga. Inasubiri uachane na pikipiki kwanza. Kiboksi kinaweza kuhisi mgongano wenyewe na kuanza kazi kabla hujatoka kwenye siti. Kwa hiyo anayesema kamba inatosha kwa kila ajali anakudanganya, hata kama ana duka zuri.

Hata hivyo, kwa maofisi yetu ningenunua vya kamba.

Sababu ya kwanza ni betri. Afisa ugani anayekaa kijiji ambacho umeme wa jua unatosha simu na taa mbili hatakumbuka kuchaji kizibao kila jioni, na akikumbuka, simu ndiyo itakayochajiwa kwanza. Sababu ya pili inaniudhi zaidi. Mwaka 2021 kampuni ya Kimarekani ya Klim ilitoa kizibao kiitwacho Ai-1, chenye kiboksi cha kampuni ya Kifaransa ya In&Motion. Ungeweza kukilipia kiboksi chote kwa mkupuo, au ukalipa dola 12 kila mwezi. Waliochagua ya mwezi wakaja kujua kwamba malipo yakikwama, na siku za nyongeza zikapita, kizibao kinakataa kuvimba. Kampuni ilijitetea kuwa taa ya kiboksi inakuonyesha kabla hujaondoka, hakizimiki ukiwa njiani. Sawa. Lakini hebu fikiria halmashauri yenye madeni ya posho ya miaka miwili ndiyo inayotakiwa kulipia kila mwezi ili mbavu za watumishi wake zilindwe. Mhasibu ataikata hiyo kabla ya kukata chai ya vikao.

Kamba haijui mwezi umeisha.

Sasa bodaboda. Nilipeleka habari hizi kijiweni nikiamini nitasikilizwa kwa heshima ya mtu mwenye pikipiki. Swali la kwanza lilikuwa: "Kaka, nikimshusha abiria Mwenge nikasahau kuchomoa hiyo kamba, si nitavimba mbele za watu?" Tukacheka, ila swali ni la msingi. Jibu ni kwamba kamba hizi hutengenezwa zihitaji mvuto mkubwa, kama kilo 30, ndiyo maana ukishuka umesahau inakuvuta tu nyuma, unajua. Tatizo la kweli ni upande wa pili. Mtu anayepanda na kushuka mara nyingi vile kwa siku ataacha kuifunga kamba ndani ya wiki moja, na kizibao ambacho kamba yake inaning'inia ni nguo nzito tu.

Swali la pili nililipenda zaidi: "Na abiria wangu je?" Hapo sikuwa na la kujitetea. Kizibao cha dereva kinamlinda dereva. Mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni hana kitu, na wakiwa wamepigwa mshikaki, watatu kwenye siti moja, ndio kabisa. Kuna vizibao vya abiria vyenye kamba zao wenyewe, lakini abiria wa Dar anayekataa kofia ngumu kwa sababu imevaliwa na vichwa vingine asubuhi hiyo hatakubali kufungwa kamba.

Halafu hela. Kizibao cha maana huko kinakotengenezwa kinaweza kufika dola 600 hivi, yaani milioni moja na nusu ya Kitanzania kabla ya usafiri na ushuru. Katriji moja ni kama elfu sabini au themanini. Mwambie kijana anayeamka saa kumi na moja akiwaza hesabu ya bosi, au mwenye pikipiki ya mkataba ambaye bado miezi kumi iwe yake, kwamba kila akianguka kidogo atoe elfu themanini ya gesi. Atakivua siku hiyohiyo. Na mimi nitamwelewa.

Kuna jambo jingine kuhusu bodaboda ambalo wapenzi wa teknolojia hawapendi kulisikia. Kizibao hakigusi kichwa, wala hakigusi miguu. Ukienda wodi yoyote kubwa ya mifupa Afrika Mashariki utakuta vijana wengi wameinuliwa miguu yenye vyuma, na ambao hukuwakuta wodini wengi waliumia kichwa. Wataalamu waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walikuta kofia ngumu inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia nzuri haifiki hata robo ya bei ya kizibao. Kwa hiyo atakayekuja na mpango wa kuwalazimisha bodaboda vizibao vya gesi wakati nusu ya kofia tunazoziona barabarani hazina hata mkanda wa kidevu, huyo anatafuta tenda.

Kwa nini basi nang'ang'ania watumishi wa ofisi? Kwa sababu kwao karibu kila tatizo nililolitaja linapungua. Afisa ugani, mhudumu wa chanjo, mkaguzi wa maji, mtu wa mikopo anayezunguka vijijini: hawa hupanda pikipiki mara chache kwa siku na hukaa juu yake muda mrefu. Wengi huenda peke yao. Barabara zao ni za vumbi na makorongo, na aina ya ajali wanayoipata sana ni ile ya kuteleza na kurushwa, mkono ukaachia usukani, mwili ukaenda zake. Hiyo ndiyo ajali ambayo kamba inaiweza. Tena wakivunjika mbavu wako mbali na hospitali yenye mashine ya kupumulia. Binamu yangu ni afisa ugani, na kituo cha afya kilicho karibu naye kina muuguzi hodari, panadol na gari la wagonjwa linalosubiri mafuta.

Zaidi ya yote, pikipiki si yake. Aprili 2022 pale Dodoma serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, na ilikuwa kazi nzuri. Mkulima hawezi kutembelewa na afisa asiye na usafiri. Lakini ukimpa mtu chombo cha hatari kama sharti la kazi, usalama wake juu ya chombo hicho ni gharama ya kazi. Mgodi haumwambii mchimbaji ajinunulie taa ya kichwani.

Mashirika ya misaada nayo yasijifiche nyuma ya serikali. Dunia ya mbio za pikipiki imekuwa ikichangia usafiri wa afya Afrika kwa muda mrefu: Riders for Health, iliyoanzishwa miaka ya 1990 na Barry na Andrea Coleman pamoja na mwanamashindano wa zamani Randy Mamola, ilijenga mfumo wa matengenezo ya pikipiki za wahudumu wa afya katika nchi kama Lesotho, Gambia na Zambia. Somo lao lilikuwa kwamba pikipiki bila bajeti ya vipuri ni chuma chakavu cha mwakani. Mimi naongeza kwamba bajeti hiyo ikimsahau dereva, tumefanya nusu ya kazi.

Najua mawili yatakayosemwa. La kwanza ni joto. Ni kweli, kizibao kina uzito wa kilo mbili hivi na mfuko wake haupitishi hewa. Kyela saa nane mchana utakilaani. Viko vya wavu wa kupitisha upepo, na hivyo ndivyo vya kuagiza. La pili ni kwamba vitauzwa. Vichache vitauzwa, kama vinavyouzwa viatu vya mvua na betri za solar za zahanati, na hakuna anayependekeza tuache kununua betri.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni katriji. Ni gesi iliyobanwa, kwa hiyo kwenye ndege inahesabiwa mzigo wa hatari, na mtu mmoja kuagiza mbili tatu kwa posta ni mateso. Taasisi inayoagiza mamia kwa meli haina shida hiyo. Ndiyo maana ununuzi huu ni wa taasisi, si wa mtu mmojammoja.

Kwa hiyo anayeandika zabuni aandike hivi: kizibao cha kamba chenye cheti cha kiwango cha Ulaya cha EN 1621-4, cha wavu, chenye vipande vya kuakisi mwanga ili mtu asivae nguo mbili, saizi zipimwe kwa kila mtumishi na si "large" kwa wote, na kila kimoja kije na katriji tatu za ziada zitunzwe stoo ya wilaya. Mafunzo yasizidi nusu siku. Na mkaguzi wa ndani akija kuhakiki pikipiki, afungue zipu ya kizibao aangalie kama katriji imo na haijatobolewa, kisha ndipo asaini.