Shangazi, Ulimi Wangu na Mafuta ya Makonyo

Mwaka juzi ulimi wangu uliota utando mweupe wa fangasi, kama maziwa ya mgando. Nikiupitisha mswaki unabanduka, chini panabaki pekundu panawasha. Shangazi, mtu wa Pemba hasa, alinitazama mara moja, akaingia ndani, akarudi na kichupa cha mafuta ya makonyo.

"Paka hii, mwanangu. Utakimbia wote."

Nikachovya pamba, nikapaka. Wallahi machozi yalinitoka! Kwanza moto, kisha ganzi. Chai ya jioni sikuisikia ladha, na asubuhi ubavuni mwa ulimi palikuwa na kidonda ambacho fangasi hawakukileta.

Makonyo, kwa asiyejua, ni vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha kuyakamua mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ile ile ambayo daktari wa meno huichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Kwa hiyo simcheki shangazi. Maabara zimempa haki mara nyingi: yujenoli hutoboa ngozi ya nje ya chembe ya Candida albicans, fangasi wa utando huo, yaliyomo yakavuja, ikafa. Ila kisahani cha maabara hakina ulimi wa kuungua wala koo la kumeza.

Majaribio ya dawa za mimea kwa watu wenyewe ni machache, na yaliyonivutia ni mawili, ingawa si ya karafuu. Pretoria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watu wanaoishi na VVU walitibiwa fangasi wa mdomoni kwa limau au mchaichai, wengine kwa GV, ile dawa ya zambarau inayomwacha mtu na mdomo kama aliyekula zambarau za msimu mzima. Limau na mchaichai vilionekana kufanya vizuri zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Wamarekani waliwapa wagonjwa 13 wa UKIMWI, ambao flukonazoli, dawa ya fangasi ya hospitali, ilikuwa imeshindwa kuwatibu, maji ya kusukutua yenye mafuta ya mti wa Melaleuca wa Australia. Wanane walipata nafuu. Kumi na tatu ni wachache mno, najua. Lakini tazama walivyofanya: mililita 15 za dawa iliyokwisha kuchanganywa, mara nne kwa siku, unasukutua na kutema. Mimi nilikuwa na pamba na "paka hii, mwanangu".

Hapo ndipo ninapogombana na wauza mafuta wa mitandaoni. Wanatuambia hayadhuru kwa sababu ni ya asili. Nistatini, dawa ya fangasi ya dukani, nayo ni ya asili basi! Elizabeth Hazen na Rachel Brown waliipata kwa bakteria wa udongo wa shamba moja la Virginia, wakaipa jina la jimbo lao, New York. Tofauti yake na kichupa cha shangazi ni kwamba nistatini imepimwa, na mtu anajua ampe nani kiasi gani. Karafuu tatu za pilau haziwi sawa na tone la mafuta yaliyokamuliwa kutoka lundo la makonyo.

Na anayemtonesha mtoto mchanga mafuta haya ulimini simwonei haya kumkataza. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipoteza fahamu na nusura afe.

Mimi nilikwenda duka la dawa na kidonda changu. Mfamasia, kijana tu, hakuuliza nimepaka nini. Aliuliza, "Kaka, unatumia pampu ya pumu?" Naitumia. "Ukishavuta, unasukutua?"

Miezi yote ile sijasukutua hata siku moja. Dawa ya pampu ilikuwa inatua ulimini na kuwaandalia fangasi makazi. Akanipa nistatini, akaniambia nipime sukari na VVU pia, maana mtu mzima hapati utando bure bure. Majibu yalikuwa salama. Tangu hapo kikombe cha maji kinakaa pembeni ya pampu, na utando haujarudi.

Shangazi alipoona ulimi umetakata aliukagua kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Si nilikwambia utakimbia?"