Harris hakuangushwa na uanamke peke yake

Ndugu yangu hapo juu unayesema Kamala Harris kaangushwa na Trump uchaguzi wa urais Marekani 2024 kisa mwanamke tu, mi sikubaliani kabisa, Biden aliyekuwa rais kang'ang'ania kugombea mpaka Julai 21 ndo anajitoa, mwenzie anaachiwa miezi mitatu na nusu ya kampeni, halafu kwenye tivii anaulizwa angefanya nini tofauti na Biden anajibu eti hakuna kinachomjia kichwani!! Na hapo watu wanalia na bei ya vyakula jamani. Ila na nyie wa Trump punguzeni mbwembwe, kweli kabeba majimbo yote 7 ya ushindani, wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais 312 kwa 226, lakini kura za wananchi kamzidi asilimia 1.5 hivi, hicho ndo kishindo mnachotupigia kelele?