Kila mtu analilia Titanic

Juzi kwenye feri ya Likoni, kijana aliyesimama kando yangu alikuwa akitazama Titanic kwenye simu, machozi yanamlengalenga. Feri imejaa pomoni, muuza korosho anatukanyaga, na yeye yuko Atlantiki, 1912.

Nikamuuliza, "Mwanangu, wajua kuna meli iliyopita papa hapa tunapovuka, ikaenda kuua watu 1,297?"

"Mtongwe?"

Simlaumu. Ajali ya feri ya Mtongwe, 1994, iliingiza matanga majumbani mwetu. Lakini meli niliyomuuliza, Khedive Ismail, nayo ilibeba watoto wa watu. Februari 1944 ilitoka Kilindini, bandari ya hapa Mombasa, kwenda Colombo na watu 1,511, zaidi ya 900 wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Jumamosi tarehe 12, karibu na Maldivi, watu wako ukumbini wanatumbuizwa, nyambizi ya Kijapani ikaipiga topido mbili. Dakika mbili hivi, meli haipo. Kisha manowari za Kiingereza zikaangusha mabomu palepale walipoelea walionusurika, kwa kuwa nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Haya, ingeachwa ingepiga meli nyingine za msafara. Nakubali. Roho ndiyo haitaki.

Kinachonichoma zaidi ni jina. Huyo Ismail alikuwa Khedive, yaani mtawala wa Misri, mpenda fahari, bingwa wa madeni. 1875 wadai walimbana hadi akawauzia Waingereza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa pauni milioni nne. Mwaka uleule akatuma manowari zije kumnyang'anya Sultan Barghash wa Zanzibar miji yake ya Barawa na Kismayu, pwani ya Somalia ya leo! Hana cha kulipa, ataka pwani ya wenyewe. Barghash akapiga kelele kwa Waingereza, wavamizi wakarudishwa kwao; 1879 Ismail mwenyewe akang'olewa kitini. Halafu vijana wetu wakapandishwa kwenye meli yenye jina la mtu huyo, waende vita vya mfalme mwingine kabisa.

Na meli ilizaliwa ikiitwa Aconcagua, jina la mlima wa Amerika Kusini. Si wangeiachia tu mlima wake?

Ismail ana mji mzima, Ismailia. Wale wapiga mizinga wanakumbukwa ukutani, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Hapa walikopandia sijaona hata kibao.

Kijana akanipa simu nimwandikie jina la meli atafute. Nikaandika. Ikatokea picha ya mzee mwenye ndevu, nishani zimemjaa kifuani.

"Ndiye nahodha?" akauliza.