Siku Niliyopata Wateja 10,000

Dalali wa nyumba mjini hana Jumamosi, hasa majira ya machipuko. Baridi ikiondoka tu na miti ikianza kutoa maua, kila mtu anakumbuka ghafla kwamba nyumba yake ni ndogo. Kwa hiyo nilipofungua daftari nikaiona Jumamosi tupu, karibu nipige vigelegele. Nikafungasha mkate wa siagi, mayai matatu ya kuchemsha, ndizi nne zilizoiva hadi madoadoa, pamoja na kitabu kinene cha habari za nyuki nilichokianza tangu wakati wa baridi.

Pa kwenda palikuwepo. Bustani za mji siku kama hiyo hazina pa kuweka hata kiwiko, lakini mimi nina funguo za nyumba za watu. Sisemi ni halali. Nasema ninazo. Moja ilikuwa ya nyumba tupu iliyonigomea kuuzika tangu mwaka uliopita, ambayo ina mti wa tufaha nyuma, na siku hiyo mti ulikuwa mweupe kwa maua. Kasoro ya nyumba ni tundu lililobaki juu ukutani bomba la zamani lilipong'olewa. Wateja nilikuwa nikiwaambia ni la kupitisha hewa.

Nikavua viatu, nikala, nikajilaza. Kitabu kilikuwa kimefika patamu. Machipuko, mzinga ukijaa, malkia mzee huondoka na maelfu ya nyuki, mara nyingi kama 10,000, wakaenda kuning'inia kwenye tawi wakati wenzao mia chache wanazunguka kutafuta nyumba. Wapelelezi hao wanakagua kuliko mteja yeyote niliyewahi kumtembeza. Wanataka mlango mdogo, ulio juu mbali na ardhi, na ndani pawe na nafasi ya kama lita 40. Akiridhika, mpelelezi anarudi kwa wenzake na kucheza ngoma ya kutikisa tumbo, inayoonyesha upande na umbali wa nyumba. Karl von Frisch, aliyeifumbua ngoma hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Mimi nimetikisa tumbo kwenye ngazi hadi ghorofa ya saba na sijapewa hata maji ya kunywa.

Simu ikalia. "Dalali, tumefika. Tuko getini."

Niliandika Jumapili. Wao walisema Jumamosi. Nikasokomeza maganda ya ndizi mfukoni mwa koti, nikavaa kiatu kimoja huku nikiruka na kingine mkononi, nikawapokea: mke, mume, na mama yake mume, bibi mmoja mfupi mwenye fimbo ambaye hakujibu salamu yangu mpaka alipomaliza kuikagua paa.

"Wale wadudu pale kwenye tundu?"

Nikatazama. Nyuki kama ishirini walikuwa wanaingia na kutoka, wanatembea ukingoni, wanaingia tena. Mlango mdogo. Juu mbali na ardhi. Nilijua kabisa ninachokiona, kwa sababu nilikuwa nimekisoma dakika kumi zilizopita.

"Maua hayo, mama. Wanapita tu."

Bibi akaniangalia kama mtu anayepewa chenji pungufu. Akaingia ndani peke yake kukagua jiko. Sisi tukabaki uani nikiwaeleza wanandoa kwamba nyumba hii inagombewa, na wasipofanya haraka itachukuliwa mbele ya macho yao.

Ikachukuliwa mbele ya macho yao.

Kwanza ulikuwa mvumo, kama lori linalopanda mlima mbali. Halafu wingu likavuka ukuta wa jirani, likaja moja kwa moja uani. Mke akapiga kelele, mume akajificha nyuma ya mke. Nami, badala ya kukimbia, nikanyanyua mikono nikaanza kutoa darasa: "Tulieni! Kabla ya kuhama wanajaza tumbo asali, na hawana watoto wala akiba ya kulinda. Kundi linalohama haliumi ovyo!"

Na kweli, wale wawili hawakuguswa. Mimi nilimpiga mmoja aliyetua kwenye mdomo wangu. Pale pale nikaikumbuka sura ya nne: nyuki akiuma hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na kiini chake kikuu ndicho kinachonukia kwenye ndizi mbivu. Mfukoni nilikuwa na maganda manne.

Sijui kama waliyafuata maganda au mikono yangu iliyokuwa ikipepea kama feni. Ninachojua ni kwamba nililitupa koti, funguo zikiwemo, nikakimbilia mlangoni. Umefungwa. Bibi alikuwa ameshakomea kwa ndani na sasa alisimama dirishani, ametulia, akitazama nyuki wakimiminika kwenye tundu lao kama abiria wenye tiketi.

"Dalali!" akaita nyuma ya kioo. "Madirisha haya mazuri. Hajapenya hata mmoja!"

"Nifungulie, mama!"

"Kwanza tuzungumze bei. Hii nyumba ina wapangaji na hukuniambia."

Mwiba ulikuwa bado mdomoni. Kitabu kinasema uukwangue upesi, kwa sababu unaendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akishaondoka. Lakini mimi nilikuwa kwenye biashara. Bibi akataja bei. Nilitaka kusema "haiwezekani", mdomo ukiwa umevimba kama andazi, ikatoka "haya ekani". Akasikia "haya" tu. Akafungua mlango, akanipa mkono, akamwita mwanawe kuwa shahidi.

Mwenye nyumba alikubali kwa sharti kwamba pengo lifidiwe na kamisheni yangu. Jumatatu nikampeleka mfuga nyuki awatoe. Bibi akamzuia mlangoni kwa fimbo: wamemtangulia kuhamia, na kama ni kutoa mtu, atoe kwanza dalali.

Kitabu nilikisahau chini ya ule mti. Juzi bibi amenipigia kuniambia yuko sura ya saba, na kuuliza kama ninazo ndizi.