Pedeli ya Mafuta au Sanduku la Maoni?

Gari langu la mtumba lina adabu ya ajabu. Ukikanyaga mafuta halikurupuki. Linatulia kwanza, linatafakari, kisha ndipo linajikongoja kama mtu aliyeamshwa usiku kwenda kumfungulia mgeni mlango.

Gari nililokuwa nalo zamani lilikuwa na waya. Waya wa chuma kabisa, kutoka mguuni kwangu hadi kwenye injini. Nikigusa, injini inaguna. Ukiwa mkavu unaupaka grisi, ukikatika umekatika, kila mtu anaona. Hili la sasa pedeli yake haivuti chochote. Kuna sensa inapima nimekanyaga kiasi gani, inampelekea habari kompyuta, kompyuta inapima mambo yake, ikiridhika ndipo inakituma kimota kidogo kikafungue mlango wa hewa. Mimi mwenye gari kazi yangu ni kutoa maoni.

Na maoni yenyewe hayaaminiki! Ndani ya pedeli sensa ziko mbili, kama mashahidi wa ndoa. Maelezo yao yakipishana tu, taa ya injini inawaka na gari linanyata hivyo hivyo hadi kwa fundi.

Juzi nimesimama kwenye makutano nangoja upenyo. Upenyo ukaja, mpana, lori lingepita. Nikakanyaga. Kimya. Nikaongeza. Kimya. Wa nyuma akapiga honi, upenyo ukajifunga, nikaanza kutoa mguu, na hapo hapo gari likachomoka! Nikashika breki, ambayo kwa bahati haiombi ushauri, nikaonana uso kwa uso na dashibodi.

Fundi akacheka. "Bosi, magari haya ndivyo yalivyo. Kompyuta inalainisha ili lisikurushe."

Lisimrushe nani? Nimeomba kurushwa mimi!

Wajuaji wakanielekeza kwenye kifaa cha kuchomeka kati ya pedeli na kompyuta. Nikanunua, nikachomeka mwenyewe, nikajiona rubani. Kumbe hakiongezi hata nguvu ya punda mmoja. Kazi yake ni uongo: nimekanyaga robo, chenyewe kinaripoti nusu. Nikikanyaga hadi chini, gari ni lile lile. Balaa likawa kuegesha. Nagusa pedeli kama mtu anayeonja moto wa pasi kwa kidole, gari linauvamia ukuta. Kifaa kilirudi kwenye boksi lake siku ya tatu.

Tukafungua throto bodi, pale unapokaa ule mlango wa hewa. Jamani, masizi! Kile kimlango cha hewa kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Fundi akapiga dawa, akasugua kwa mswaki, akafuta mpaka kikang'aa. Nikawasha kwa mbwembwe. Resi ikapanda yenyewe, injini inanguruma gari limesimama, mimi mikono kichwani.

Fundi wala hakushtuka. Eti kompyuta ilishazoea kuachia kimlango zaidi ili kufidia uchafu; sasa uchafu umetoka, mazoea yamebaki. Ikabidi aifundishe upya silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa. Kwa hiyo nimelipa ada ili gari langu lijifunze kupumua, na wakati wote huo mwanafunzi amekaa tu ananichomea mafuta.

Limepata nafuu, sikatai. Kinachoniudhi ni mke wangu, analiendesha kila siku wala hana neno.

"Mbona liko sawa tu," ananiambia. "Wewe unakanyaga shida ikishafika. Hili ni kama mtoto wa kutumwa dukani, unamtuma maji hayajachemka."

Basi nimebadili utaratibu. Nikifika kwenye makutano nakanyaga kwanza, halafu ndipo natazama kama njia iko wazi. Nikikuta haiko wazi, muda wa kughairi ninao tele.